Picha za angani za ujenzi wa motowei: ipi ununue, ipi uiache

Ukitaka kutundika ukutani picha ya motowei (barabara kuu ya magari ya mwendo kasi) ya Uingereza ikiwa bado inajengwa, chagua picha kwanza, fremu baadaye. Wauzaji wengi wanakupeleka kinyume: wanakuonyesha fremu nyeusi inayong'aa, na ndani yake kuna weupe na weusi uliofifia, hata buldoza hulioni. Raha ya picha hizi iko kwenye vitu vidogo, kama tipa zilizopanga foleni, kibanda cha mkandarasi, au nyumba moja iliyobaki katikati ya kifusi.

Kwangu mimi inayoongoza ni njia panda ya Gravelly Hill, Birmingham, ambayo wenyewe huiita Spaghetti Junction. Ujenzi ulianza 1968 na ikafunguliwa Mei 1972. Tafuta picha iliyopigwa nguzo zikiwa zimesimama wima na barabara haijalazwa zote juu yake. Nguzo ni 559, na chini yake inapita mifereji ya mashua. Wahandisi walizipanga ili farasi anayevuta mashua apite bila kamba yake kunasa kwenye zege. Picha ikiwa kali, mifereji hiyo utaiona ikijipenyeza kati ya nguzo. Barabara ikishakamilika inaifunika, na picha inabaki ya magari tu.

Ya pili ni M1, motowei ya kutoka London kuelekea kaskazini, ambayo sehemu yake ya kwanza ndefu ilifunguliwa Novemba 1959 baada ya miezi 19 ya kazi. Hapa unapata mkanda mpana wa udongo uliokwanguliwa ukikatisha mashamba ya kijani, na madaraja yamesimama peke yake hayana barabara juu wala chini. Ya tatu ni motowei ya M62 kwenye milima ya Pennine, kaskazini mwa England, pale shamba la Stott Hall lilipobaki katikati ya njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Watu husimulia kwamba mkulima aligoma kuhama, lakini sababu ni ardhi yenyewe: mteremko na miamba vilizuia njia mbili zisiende pamoja. Hadithi ya mkulima mbishi ni tamu zaidi, nakubali.

Sasa namna ya kununua, nikianza na iliyo bora.

Nafasi ya kwanza naipa nakala mpya isiyo na fremu, kutoka kwenye hifadhi ya nyaraka inayomiliki negativu (filamu ya asili). Historic England, taasisi ya urithi wa kihistoria yenye hifadhi yake mjini Swindon, ndiyo inayotunza picha za kampuni ya Aerofilms, iliyoanza kupiga picha kutoka ndegeni 1919, na pia mkusanyiko wa mkandarasi John Laing, aliyejenga sehemu kubwa ya ile M1 ya mwanzo. Usipoteze muda kwenye tovuti ya Britain from Above, inayoonyesha picha za Aerofilms: picha zake zinaishia 1953, na motowei ya kwanza nchini humo, ile ya Preston, ilifunguliwa 1958. Muulize muuzaji faili lina pikseli ngapi. Kwa ukubwa wa A2, yaani karatasi nne za A4, unataka kama 5,000 kwa 7,000, na likiwa nusu ya hapo, shuka hadi A3 au hata A4. Omba karatasi isiyong'aa iliyochapwa kwa wino wa pigmenti. Husafirishwa ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba la kadibodi, kwa hiyo hata ukiwa Dar es Salaam au Nairobi haifiki na vipande vya kioo.

Ya pili ni picha ya zamani iliyosafishwa kwa ajili ya gazeti, ile yenye muhuri, tarehe na maelezo yaliyobandikwa nyuma. Nyingi ni ndogo, kama sentimita 20 kwa 25, na mara nyingine mhariri amechora juu yake kwa penseli kuonyesha pa kukata. Kwa mpenzi wa historia ndiyo yenye thamani. Dai upigiwe picha ya upande wa nyuma kabla ya kulipa. Muuzaji akizungusha maneno, achana naye. Kumbuka pia kwamba kuimiliki hakukupi ruhusa ya kuichapa upya na kuiuza.

Ya tatu ni picha iliyotiwa fremu tayari. Inafaa kwa zawadi ya haraka, lakini unalipia mbao nyingi kuliko picha.

Ya nne, kanvasi, yaani picha iliyochapwa kwenye kitambaa. Nyuzi zake zinameza zile tipa zote ulizozitaka. Ya mwisho ni bango la bei chee lililokuzwa kutoka kwenye picha ndogo ya intaneti. Hata bure silichukui.

Kwa fundi fremu, sema mambo mawili. Kwanza, kadi ya kuzunguka picha iwe isiyo na asidi, maana ile ya kawaida huacha njano pembeni. Pili, kioo kisigusane na karatasi. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja, unyevunyevu utaigandisha picha kwenye kioo, na siku ya kuibandua itachanika. Kama unakaa karibu na bahari, mwambie pia aache nafasi ndogo kati ya fremu na ukuta hewa ipite, na usiitundike mkabala na dirisha la jua la mchana.