Pimbi wa Dodoma kaitwa marmot, na mhakiki kagoma kusahihisha

Nimeipa nyota moja. Ningeipa mbili kwa ajili ya upande wa ndege, lakini jibu la mhakiki wao limeniondolea hamu hiyo, na ndilo nitakaloanza nalo kwa yeyote anayeuliza kama alipie programu hii ya kutambua wanyama kwa picha.

Pimbi amekaa juu ya jabali, kwenye kimoja cha vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wa Dodoma. Asubuhi, jua linampiga ubavuni, picha imetoka safi, na eneo limerekodiwa ndani ya faili. Programu ikajibu: marmot wa tumbo la njano, yaani mnyama mnene wa jamii ya kindi anayechimba mashimo, uhakika zaidi ya asilimia 90. Jamani! Jenasi ya Marmota ina spishi 15, na zote ziko Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia. Huyu wa tumbo la njano, Marmota flaviventris, ni wa magharibi mwa Marekani na Kanada. Afrika hakuna marmot wa porini hata mmoja.

Kosa la mashine nalielewa. Pimbi na marmot wote ni wanene, wa kahawia, masikio mafupi ya duara, wote huota jua juu ya mawe na wote hupiga mbinja wakiona adui. Kwa ukubwa pia wanakaribiana. Mnyama akikuelekea uso kwa uso, kitu kikubwa cha kuwatofautisha, yaani mkia, hakionekani. Marmot ana mkia wa manyoya mengi. Pimbi mkia wake hauonekani kabisa. Na kama mashine imefundishwa kwa picha nyingi za Marekani na Ulaya na haiangalii picha imepigwa wapi, itataja ilichozoea. Hilo linasahihishika kwa mtu mmoja mwenye macho.

Na wanaye, maana ndicho wanachokuuzia kwenye kifurushi cha kulipia: mhakiki, binadamu, anayepitia rekodi zenye utata. Nikatuma ombi la marekebisho pamoja na picha tatu nyingine za mnyama yule yule: ubavu, mgongo, na mguu wa nyuma kwa karibu. Huo mguu ulitosha peke yake. Pimbi ana vidole vitatu nyuma, vyenye kucha bapa kama vijikwato, isipokuwa cha ndani chenye ukucha uliopinda wa kujichania manyoya. Marmot ana vitano nyuma, vyote na kucha za kuchimbia. (Vya mbele usivihesabu kabisa, wote wanaonekana wana vinne, utajichanganya bure.) Picha ya mgongo nayo ilionyesha lile doa la manyoya ya rangi tofauti linalozunguka tezi, ambalo husimama pimbi anaposhtuka. Marmot hana kitu hicho.

Jibu likaja: "Ndugu mteja, rekodi yako imehakikiwa na kufungwa. Tunakushauri ujifunze kwanza wanyama wa eneo lako kabla ya kupinga wataalamu."

Wanyama wa eneo langu! Kuanzia Dodoma mjini hadi Kondoa na Singida, hii ni nchi ya majabali ya matale, na mtoto yeyote anayechunga mbuzi huku anamjua pimbi. Mhakiki hakufungua hata picha ya mguu. Angeifungua asingeandika vile. Na kufunga rekodi maana yake hakuna mwingine anayeweza kupendekeza jina. Kwenye ramani yao sasa kuna alama ya marmot katikati ya Tanzania, na mtumiaji anayefuata akipandisha pimbi wake, programu inamwonyesha kwamba marmot "ameonekana karibu nawe". Tayari nimeona rekodi ya pili. Hapa kuna wanafunzi wa vyuo wanaochukua takwimu kutoka kwenye programu za namna hii kwa ajili ya ripoti zao za mazoezi, na huyo mtu anawalisha uongo halafu anatukana anayemkosoa.

Pimbi hata si mnyama wa jamii ya panya. Ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Ukimkuta anapiga miayo, piga picha haraka: juu ana meno mawili marefu yaliyochongoka yenye nafasi katikati, chini manne yaliyokaa kama kitana. Marmot ni wa familia moja na kindi, meno yake ya mbele ni patasi, mawili juu na mawili chini. Picha moja ya mdomo wazi inamaliza ubishi wote.

Kwa wanaotaka rekodi isiyopingika, hata kwenye programu nyingine, fanyeni hivi. Tafuteni kwanza michirizi myeupe kwenye mwamba: pimbi hukojoa mahali pale pale miaka nenda miaka rudi, na madini ya kwenye mkojo hukauka yakabaki. Chini yake utakuta chungu ya kinyesi cha vidonge vidogo. Michirizi isiyo na vidonge chini huenda ikawa ya tai au kunguru. Fika kabla jua halijagusa jiwe, kaa chini yake, si juu, umbali wa mita 15 hadi 20, na usimwendee moja kwa moja. Mbinja ikipigwa wote wanazama kwenye nyufa; tulia, usihame, hutoka tena mmoja mmoja. Pimbi hawezi kutunza joto la mwili vizuri, kwa hiyo saa moja hadi saa tatu asubuhi lazima aote jua. Baada ya saa nne acha. Joto linalopanda kutoka kwenye matale hufanya hewa icheze na picha ya mbali inatoka kama imelowa maji, hata kamera iwe ya bei gani.

Lenzi ya milimita 300 hadi 400, spidi 1/800, uwazi f/8 ili pua na mgongo vyote viwe vikali. Jabali jeupe huidanganya kamera ipunguze mwanga, mnyama akatoka mweusi tii, doa la mgongoni likapotea. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili za stopu, kile kipimo cha mwanga cha kamera. Ukitumia simu usikuze kwa vidole, maana simu hulainisha manyoya na doa linafutika. Na faili usiipitishe WhatsApp kama picha ya kawaida: inabanwa na taarifa za eneo zinaondolewa. Itume kama hati.

Sasa kuna pimbi wawili, na hapa ndipo mhakiki wa kweli angekuwa na kazi. Pimbi wa mawe, Procavia capensis, na pimbi wa vichakani, Heterohyrax brucei, huweza kuishi kwenye jabali moja, hata kulala wamebanana pamoja. Wa vichakani ni mdogo, pua imechongoka, ana alama nyeupe juu ya macho kama nyusi, na tumbo jeupe. Wa mawe ana kichwa kizito na pua butu, nyusi hafifu. Chakula pia husaidia: wa vichakani hupenda majani ya miti, wa mawe hula zaidi nyasi. Picha yangu ilikuwa ya Heterohyrax, nyusi zinaonekana wazi. Ubishi wa haki ungekuwa huo.

Kwa kindi wa ardhini programu inakuletea wa Kalifonia, kwa hiyo msisumbuke nayo, mtambueni wenyewe. Mpige ubavu na mkia kwenye picha moja, mwangalie kama ana mstari mweupe ubavuni. Bila mstari na akiwa na duara jeupe kuzunguka jicho, fikiria Xerus rutilus, ambaye hapa nchini ni wa kaskazini mashariki.

Nitasema haki: kwa ndege programu ni nzuri sana. Imemtaja kwezi wa kijivu, Lamprotornis unicolor, bila kusita, na imemtofautisha hondohondo wa Ruaha kwa ile ngozi nyeusi inayozunguka jicho la njano. Upande huo ukipimwa peke yake, nyota nne zinawastahili. Kwa hiyo, wa ndege alipie, wa wanyama wa miguu minne asiiguse.

Hapana, naondoa hata hilo. Wahakiki wa ndege ni timu ile ile, na siku mashine ikikosea hondohondo utajibiwa na mtu yule yule asiyefungua picha. Nyota moja inabaki mpaka rekodi ile ifunguliwe na jina libadilishwe.

Kwa anayetaka kujitoa: kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato. Pakua kwanza picha zako zote. Kisha, kama uliipata Google Play, ingia humo, bonyeza picha ya akaunti yako, nenda Malipo na usajili, halafu Usajili, ichague, ughairi. Fanya zaidi ya siku nzima kabla ya tarehe ya makato, la sivyo mwaka mwingine unakwenda.