Rangi za kutia kwenye rezini kwa maji ya vijahazi vya mfano: uzoefu wangu hapa Lamu

Kwa wenzangu mnaochonga vijahazi na mashua za mfano na mnataka vionekane vinaelea kwenye maji ya rezini (epoksi angavu ya majimaji inayogandishwa kwa kuchanganywa na kigumishi) badala ya kusimama kwenye vigingi, mkiuliza rezini hiyo itiwe rangi gani, jibu langu ni hili: tieni wino wa spiriti, au rangi nyingine yoyote inayopitisha mwanga, na ile rangi nzito ya rojo inayouzwa pamoja na rezini wekeni kwa kazi nyingine. Nimezijaribu aina zote ninazoweza kuzipata, kwanza kwenye vifuniko vya chupa na baadaye kwenye kazi zenyewe, na tofauti yake si ndogo.

Rojo ina chembe za rangi zinazozuia mwanga. Ukitia kidogo tu, rezini inageuka kuwa ya buluu iliyokoza, inang'aa juu, lakini jicho haliingii ndani. Jahazi linaonekana limekwama kwenye beseni la plastiki. Maji ya kweli hayako hivyo. Ukisimama ukingoni pale Shela maji yakiwa yanajaa, unachokiona ni mwanga ulioingia, ukagonga mchanga, ukarudi. Kwa hiyo rangi nyingi ya maji iko chini, si kwenye maji yenyewe, na hapo ndipo kazi yangu yote ilipobadilika: siku hizi napaka ubao wa chini kwanza. Karibu na ufuo naweka rangi ya mchanga mweupe, kisha kijani hafifu, kisha kijani cha tope, na penye kina naishia kwenye buluu inayokaribia weusi. Rezini inayokuja juu inahitaji rangi kidogo sana.

Kidogo kiasi gani? Hesabu ya kipimo inasaidia. Vijahazi vyangu vingi ni vya kipimo cha 1:50, maana yake sentimita 2 za rezini ni mita 1 ya maji. Maji ya mita moja, yakiwa safi, karibu hayana rangi kabisa. Ndiyo maana nachovya ncha ya kijiti cha meno kwenye wino, nakikoroga kwenye kikombe, halafu nakiweka kikombe juu ya karatasi nyeupe na kutazama kutoka juu. Rangi ikionekana imekolea vizuri hapo kikombeni, tayari imezidi, kwa sababu kwenye ubao itajumlishwa na rangi ya chini. Naitaka ionekane kwa shida.

Wino wa spiriti ndio ninaoupenda kuliko zote. Unachanganyika bila kuacha madoa na hauzami chini. Lakini usinunue buluu peke yake! Bahari yetu ya ndani, kati ya Lamu na Manda, mara nyingi ni ya kijani, na bamvua likipiga inachafuka kabisa. Mimi nachukua kijani, natia manjano kidogo, na kahawia kama tone linavyong'ang'ania kwenye kijiti. Kwa vijito vya mikoko nazidisha kahawia, kwa kuwa maji yanayokaa kwenye mizizi na majani ya mikoko hutoka na rangi kama ya chai. Nilimwonyesha mzee mmoja, fundi wa majahazi Matondoni, vifuniko vyangu vyote nikiwa nimevipanga juu ya meza. Alivipita vya buluu bila kusimama, akakishika kile cha kahawia na kijani, akakiinua juani. "Hapa ndipo mashua hulazwa maji yakipwa, mwanangu," aliniambia. Sikuhitaji ushauri mwingine.

Rangi za kupitisha mwanga za Tamiya, kampuni ya Kijapani ya vifaa vya mifano, nazo ni nzuri: X-23 ya buluu, X-24 ya manjano na X-25 ya kijani. Zinatoa rangi safi sana, ila ziende kwa tone, maana ukizidisha rezini inabaki laini. Rangi za maji za kuchorea, zile za watoto wa shule, siziungi mkono. Zina maji ndani yake, na maji na kigumishi havipatani. Rezini hufanya ukungu. Unga unaometameta, ule wanaoupenda watengenezaji wa herini, uacheni huko kwenye herini. Chembe zake kwa kipimo cha 1:50 zingekuwa kubwa mno, na bahari haimetimeti namna ile.

Sasa joto: maelezo ya chupa hayakuandikwa kwa ajili yetu. Muda wa kufanyia kazi kabla rezini haijaganda, unaoandikwa kwenye lebo, mara nyingi hupimwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Hapa msimu wa kaskazi mchana unapita nyuzi 30 bila taabu, na kwa kawaida kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza muda huo karibu nusu. Mchanganyiko ukiachwa umejaa kikombeni unajipasha wenyewe na unaweza kuganda mkononi huku ukitoa moshi. Mimi humimina baada ya sala ya alfajiri, nyumba ikiwa bado ina baridi ya usiku, na simimini kwa mkupuo mmoja. Tabaka nyembamba, kama milimita 3 hadi 5, naliacha lishike, kisha jingine. Faida ya tabaka si usalama tu: la chini nalitia rangi zaidi, la katikati kidogo, la juu kabisa silitii chochote. Kina kinapatikana hapo, na ndicho kitu pekee kwenye kazi hii ambacho wateja hukiinamia na kukitazama kwa muda mrefu.

Unyevu nao usidharauliwe. Hewa ya pwani huacha utando kama wa mafuta juu ya rezini iliyokauka, na tabaka linalofuata halishiki vizuri juu yake. Ufute kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukaushe, upitishe msasa laini, ndipo umimine tena.

Utaratibu wa kuchanganya ni muhimu. Rangi inaingia kwenye rezini kwanza, inakorogwa mpaka imeenea, halafu ndipo kigumishi. Vipimo nafuata lebo neno kwa neno. Kama imesema mbili kwa moja kwa ujazo, natumia vikombe vyenye alama, siendi kwenye mizani, kwa sababu rezini na kigumishi havilingani uzito. Nakoroga polepole, nikikwangua kando na chini ya kikombe. Mapovu yanayobaki nayapitishia moto wa kiberiti cha gesi kwa haraka, bila kuusimamisha. Mengi zaidi hutoka kwenye mbao zenyewe: ubao na ubavu wa jahazi visipozibwa kwanza kwa gundi nyeupe au kwa rezini kidogo ya kupaka, vitapumua usiku kucha ndani ya bahari yako.

Kuna wanaouliza kama rezini ya mafundi wa faiba, ile ya kuzibia boti, inafaa, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Kwa tabaka nyembamba inakubali, lakini ina harufu kali, husinyaa inapokauka, na huyeyusha stairofomu, lile povu jepesi jeupe la plastiki, ikiguswa nayo. Ndani ya nyumba ya mtaa wa mji wa kale, dirisha likitazama ukuta wa jirani, siishauri. Hata epoksi isiyo na harufu inataka glavu na hewa.

Mawimbi sifanyi kwa rezini, hujilaza yenyewe ikawa sawa. Ikishakauka napaka jeli angavu ya akriliki na kuivuta kwa brashi kufuata upepo, kisha nagusa rangi nyeupe kwa brashi iliyo karibu kavu penye omo la jahazi linapokata maji.

Dosari kubwa ya wino wa spiriti ni jua. Rangi yake hupauka, na rezini yenyewe hugeuka manjano polepole. Mteja anayetaka kuliweka jahazi barazani namwambia waziwazi aliweke ndani. Kwa kazi inayokwenda mahali penye mwanga mkali natumia rangi za Tamiya na kuziba juu kwa vanishi yenye kinga ya jua.

Bei si ya mchezo, hasa ukiongeza nauli ya mzigo mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, na boti ya kuvuka. Wino ndio rahisi: kichupa kimoja kinadumu sana kwa matumizi ya ncha ya kijiti. Rezini nanunua kopo dogo hata kama kubwa lina nafuu, kwani kigumishi kikikaa kwenye joto letu hubadilika manjano kikiwa bado chupani, na manjano hayo yataonekana kwenye tabaka la juu lisilo na rangi.