Daktari wa mifugo aliyemtibu poni wangu bila kumgusa: nyota 1, labda 2

Wacha niandike hii nikiwa bado nimekasirika, juu nikipoa nitaanza kumtetea, najijua.

Poni wangu Pendo, yaani farasi wa umbo dogo, ana miaka 22. Amebeba watoto wa birthday nusu ya Nakuru huyu, Milimani, Section 58, kote, sasa amestaafu anakula nyasi zake huku Rongai. Asubuhi za baridi hutoka stebo, banda lake, amekakamaa, akizunguka kidogo analegea, hiyo ni viungo vya uzee na tumeizoea. Lakini mvua zilipoanza hakuwa analegea tena. Ukimkimbiza polepole kwa murram, kila mguu wa mbele wa kushoto ukikanyaga kichwa kinaruka juu, na mtu wa farasi akiona hivyo anajua ni mguu gani unauma. Mimi nikaogopa kwato, maana kuna ule ugonjwa wa ndani ya kwato unaoshika poni wazee, kwato zinakuwa moto na mnyama anasimama ameegemea nyuma, na huo haungoji kesho.

Nikaitiwa daktari mmoja anayesifiwa sana na watu wa ng'ombe. Alisema asubuhi, akafika jua limeshaanza kurudi. Neno la kwanza, hata salamu hakuna: "Mzee wa boma ako wapi?" Nikamwambia mwenye farasi ni mimi. "Sawa mama, lakini mzee akuje tuongee." Yaani! Mzee ako Kisumu kazini na hata hajui Pendo anakula nini, mimi ndio nimemlea, mimi ndio namlipa daktari, sasa mzee aje kuongea nini?

Basi akaegemea fensi, mikono mfukoni, akamwangalia Pendo, akasema, "Huyu amezeeka. Hata mkimtibu mtamfanyia nini?" Hakuinua mguu. Hakushika kwato aone kama ina moto, hakutafuta ule mpigo wa damu hapo juu ya kwato, hakuukunja mguu kidogo halafu Pendo akimbizwe tuone ni kiungo gani kinachouma. Kijana wangu wa stebo, na ana heshima zake, akamuuliza, "Daktari, nimshike uangalie?" Akajibiwa, "Nimeona." Umeona nini bwana, kutoka huko kwa fensi?

Akaacha bute, ile dawa ya unga ya maumivu. Pakiti mbili asubuhi, mbili jioni, wiki mbili. Nikasoma pakiti: hiyo ya mbili mbili ni ya farasi mkubwa, tena siku ya kwanza peke yake. Poni wa kilo mia mbili na kitu anapewa kidogo kuliko hiyo! Na bute ikizidi inachoma tumbo na kuumiza figo, na poni ndio huumia haraka zaidi. Nikampigia. "Mama, kati yetu nani daktari?" Nikamsomea maandishi neno kwa neno. Kimya. Halafu, "Basi mpe moja," akakata simu.

Sasa hapa ndio mniwie radhi, juu hiyo moja ilifanya kazi. Baada ya siku chache Pendo alikuwa anakuja mwenyewe kwa geti akisikia ndoo. Kwa hivyo dawa alijua, hilo siwezi kumnyima, na vet wa farasi huku hapatikani ovyo, wengi ni wa ng'ombe na kuku. Nilikuwa nimefika hata nyota tatu.

Halafu akaja fundi wa kwato kutoka Njoro. Huyo aliinua mguu kabla hata ya kunywa chai. Kidole cha kwato, ile ncha ya mbele, kimerefuka, kila hatua inavuta kano na kukaza viungo ambavyo tayari vimechoka, na kwa mzee kama huyu kwato hazifai kupita wiki sita mpaka nane bila kukatwa. Akakata, akasema atembezwe kidogo kila siku, asifungiwe stebo, na molasi ikome. Bute ingeendelea kufunika maumivu na kwato ingeendelea kurefuka tu. Kitu cha kuonekana kwa macho, ungeinua mguu!

Nyota zimerudi moja. Na bili ilikuwa na transport ya kuja na kurudi, ilhali alikuwa anapita tu akienda kuona ng'ombe wa mtu Solai, aliniambia mwenyewe akiingia kwa gari.