Koti la baiskeli la mtumba la 22,000: mwaka mzima wa mvua na kusi hapa Mtwara

Nimeulizwa na watu kama watano hivi njiani, wengine wananisimamisha kabisa, hilo koti umelitoa wapi na linasaidia kweli au mbwembwe tu, sasa naona niandike yote sehemu moja maana majibu ya barabarani hayatoshi.

Mi naendesha baiskeli kwa raha zangu. Sio mashindano, sio biashara, Jumapili asubuhi na siku moja moja jioni nikitoka kazini, baiskeli ya gia tairi nene, breki za kubana rimu. Natokea Shangani. Njia zangu ni Mikindani, Naliendele, na nikiwa na siku nzima na miguu ipo vizuri naenda Msimbati. Huwa naenda na shemeji yangu, ye ana Phoenix ile ndefu ya karia nyuma na haimsumbui hata kidogo.

Sasa mtu akisikia Mtwara na baridi kwenye sentensi moja anashangaa. Ni kweli huku ni joto, lakini aliyewahi kulowa juu ya baiskeli mwezi wa nne ananielewa. Mvua zetu ni msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba huko zinakuja kuishia Aprili, na zikiwa ukingoni hivi ndo kaskazi ishaondoka kusi imeanza kushika, kwa hiyo unapata vyote viwili kwa pamoja, mvua ya mwisho mwisho na upepo unaotoka baharini kusini mashariki. Mvua peke yake ya Januari haina shida, ni ya uvuguvugu, unalowa unacheka unafika nyumbani unabadilisha. Ile ya upepo ndo mbaya.

Aprili ya mwaka jana nilienda Mikindani na fulana ya pamba na kaptula, basi. Kwenda ni raha tupu, kilomita kama kumi na moja hivi, upepo uko mgongoni unakusukuma, unafika pale barabara inapokaribia maji unaona ghuba imetulia, ngalawa zimelala, Boma lile la Wajerumani la 1895 liko juu jeupe, nikanywa chai ya tangawizi vikombe viwili nikasema leo siku yangu. Mvua ikaja nikiwa bado nakunywa. Nikaondoka ikiwa imepungua, nimelowa, na ndo nikakutana na upepo uso kwa uso. Jamani. Fulana ya pamba ikishanyonya maji haiachii, inakugandia mwilini, na kila upepo ukipita unaondoka na joto lako. Nusu ya njia vidole vikaanza ganzi, nikishika breki sijui kama nimeshika au la, meno yanagongana, na hapo hewa yenyewe ilikuwa kama nyuzi 23 au 24 sio zaidi ya hapo wala chini ya hapo. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, "Baba Nasra, umeumwa homa?" Sikuwa na homa, nilikuwa nimepigwa na upepo nikiwa maji.

Wiki mbili baadaye nikawa nazunguka kwenye mitumba, belo limefunguliwa asubuhi, makoti yamerundikwa, nikaona moja la kijani iliyoiva kama limao, jepesi, nyuma limeshuka kuliko mbele. Kijana anayeuza akaniambia, "Kaka hilo la kuendeshea pikipiki, chukua elfu 30." Halikuwa la pikipiki. Koti la baiskeli unalijua kwa mkato wake: nyuma refu ili ukiinama kwenye usukani kiuno kisibaki wazi na matope ya tairi yasikupande, mikono mirefu maana mikono yako imenyooka mbele, mfuko uko mgongoni chini sio mbavuni, kiunoni na mikononi lina lastiki, na lina mikanda inayong'aa ikipigwa taa. Hili lina na zipu za makwapani, ambazo wakati ule sikuzijali na sasa hivi ndo sehemu naipenda kuliko zote. Tukamalizana 22,000.

Kabla sijatoa hela nilifanya jaribio moja ambalo nakushauri na wewe ufanye hapohapo sokoni bila aibu. Bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Hewa ikipita upande wa pili, upepo nao utapita. Hili pumzi yangu iligoma kabisa. Halafu ligeuze ndani nje uangalie mishono, makoti haya yana utepe umebandikwa juu ya kila mshono kuzuia maji yasiingie kwenye matundu ya sindano, na kwenye mtumba huo utepe ndo wa kwanza kubanduka. La kwangu ulikuwa umebanduka bega la kulia, kama kiganja hivi. Nikalichukua hivyohivyo.

Sasa nije kwenye penyewe, linafanya kazi au halifanyi.

Mvua ya kwanza niliyolivaa nilivunjika moyo kweli. Ilikuwa njia ya Naliendele, mvua ya kawaida ya kushuka wima bila upepo, nimefunga zipu mpaka shingoni, na baada ya dakika ishirini nilikuwa nimelowa ndani kuliko nje. Jasho. Yaani ningekuwa sijavaa kitu ningekuwa na hali nzuri zaidi. Nilikaribia kuligawa.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini, na hili nataka lieleweke maana watu wengi wataishia kulaumu koti. Haya makoti yametengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, Uingereza na majirani zake, ambako majira yao ya machipuko, Machi mpaka Mei, mtu anatoka na baiskeli kwenye nyuzi 8, 10, 12, mvua ya manyunyu, na upepo juu yake. Kitambaa kina ngozi nyembamba katikati, vitundu vyake ni vidogo mno tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Lakini huo mvuke hautoki wenyewe tu kwa kupenda, unasukumwa na tofauti ya ndani na nje: ndani joto na unyevu, nje baridi. Kule tofauti ni kubwa, jasho linatoka. Huku nje kwenyewe ni nyuzi 25 na hewa imejaa maji, ndani na nje karibu sawa, kwa hiyo jasho linabaki linakungoja. Koti zima kabisa, mazingira ndo mengine.

Baada ya kujua hilo nikabadilisha matumizi na ndo likawa koti langu. Sasa hivi mvua ikiwa ya joto bila upepo silivai, nalikunja naliweka kwenye mfuko wa nyuma nalowa zangu. Nalivaa kwenye vitu viwili: nikigeuza kurudi upepo uko usoni, na nikisimama mahali nimelowa, maana ukisimama tu mwili unapoa haraka. Na nikilivaa zipu za makwapani ziko wazi muda wote, nafunga tu nikianza kusikia baridi. Ndani fulana ya michezo ile ya jezi, sio pamba. Jezi ya mpira ya kawaida tu inatosha, inakauka mwilini.

Aprili hii nimerudia ileile safari ya Mikindani, makusudi, na mvua ikatukuta tena. Shemeji alikuwa na lile koti la nailoni la kuvaa kichwani kama pazia, linalofunika mpaka usukani. Kwenda lilimfaa sana, hata miguu yake ilikuwa mikavu kuliko yangu. Kurudi upepo uliingia chini yake likajaa kama tanga, anakanyaga pedali baiskeli haiendi, lori la saruji likapita na upepo wake likamvuta upande, nikamwambia, "Shem livue hilo, livue utaanguka!" Akalivua akaendesha amelowa mpaka nyumbani anatetemeka kama mimi wa mwaka jana. Mi nilikuwa na matope miguuni na maji kwenye viatu lakini kifua na mgongo vya moto, vidole vinafanya kazi, breki nazisikia. Hiyo ndo tofauti ya elfu 22. Na kwa sababu limebana mwilini upepo haupati pa kushika, ukiendesha kinyume na upepo kila kitu kinachopepea unakilipa kwa miguu yako.

Kuonekana nako. Mvua ikinyesha saa kumi na mbili jioni dereva haoni kitu, kioo kimejaa maji, na barabara ile ya Lindi ina malori. Rangi ya limao na ile mikanda nimeona tofauti kwa macho yangu, magari yanaanza kunipisha mbali. Kwa hilo peke yake ningelilipia.

Mabaya yake sasa. Bega la kulia lilikuwa linavuja, fundi cherehani akataka kulipiga mshono nikamkataza, kila tundu la sindano ni njia ya maji. Nikapaka silikoni ile ya mafundi wa madirisha ya alumini, kidogo tu, kwa ndani, nikaacha siku nzima. Imeshika mpaka leo, ila pamekuwa pagumu na unapasikia ukiinua mkono. Mgongoni kwa ndani ile ngozi nimeona imeanza kutoa vipele vya kubanduka, hiyo haina dawa, ni uzee, mtumba ni mtumba, nategemea msimu mmoja mwingine. Kofia yake ni kubwa mno, ukigeuza shingo inakuziba jicho, naikunja ndani ya kola navaa kapelo, mdomo wa kapelo unazuia mvua machoni vizuri zaidi. Kufua, sabuni ya unga kidogo sana na usuuze mpaka maji yawe meupe, yale maji ya kulainishia nguo usiyaguse kabisa yanaua ile hali ya maji kuteleza juu ya kitambaa. Likiacha kutelezesha maji lipige pasi ya moto mdogo kabisa juu ya kitambaa kingine, la kwangu lilirudi. Na chumvi: ukitoka Msimbati suuza koti na suuza baiskeli siku hiyohiyo, cheni ikilala na chumvi ya bahari na unyevu wa mvua asubuhi unaikuta ya kahawia.

Koti halifanyi kazi peke yake pia. Madigadi kwanza, tena marefu. Maji yanayokulowesha kwa wingi ni yanayorushwa na tairi kuliko yanayotoka juu, na yale ya tairi yana mchanga na mafuta ya lori, koti linakula uchafu bure. Breki za rimu zikilowa hazishiki mzunguko wa kwanza, zinafuta maji kwanza ndo zishike, kwa hiyo anza kugusa mapema. Tairi punguza upepo kidogo.

Halafu njia. Hili nimelijifunza kwa kuumia: msimu wa kusi Mikindani ni mtego, unaenda na upepo unarudi nao usoni umeshachoka umeshalowa. Geuza. Nenda Msimbati kupitia Mangamba na Madimba, uteseke asubuhi ukiwa na nguvu, upepo unakupiga kifua kwenda, ukifika unapumzika ufukweni, kurudi unasukumwa mpaka mjini. Ile safari nimeifanya Juni, alfajiri ina kibaridi chake, koti nilivaa mpaka jua lilipochomoza sawasawa, mvua hakuna hata tone, upepo tu, na hapo ndo nikasema hili koti huku kwetu ni la upepo kwanza, mvua baadaye.

Newala nilienda nalo mara moja, baiskeli juu ya basi. Kule uko juu zaidi ya mita 600, asubuhi ukungu, manyunyu, upepo kwenye ukingo wa Shimo la Mungu, lile bonde lenye kina kirefu, haukupi nafasi. Nilifunga zipu zote mpaka za makwapani, na jasho likawa linatoka kama lilivyokusudiwa, ndani mkavu. Mtu wa Newala, Mbeya au Makete soma hapo mara mbili, nyie hili koti linawafaa kuliko sisi wa pwani.

Kitu kimoja nisisahau. Kimbunga kikitangazwa hakuna koti. Mei 2024 Hidaya ilipokuja, Lindi upande wa Kilwa barabara ilikatika kabisa pale Somanga, huku tulikaa ndani. Ukiwasikia Mamlaka ya Hali ya Hewa wamesema, baiskeli iache ukutani hata kama asubuhi unaona kumetulia.

Kwa hiyo mwenye kuuliza kama anunue: nunua, la mtumba, la rangi kali, lenye zipu za makwapani, ulipulize kwanza. La nailoni la dukani la elfu 10 lisilopitisha kitu chochote usihangaike nalo kwa baiskeli, kwa kutembea sawa. Shemeji ameniomba nikiona lingine la saizi yake nimchukulie, ye ni mrefu mikono inamshinda, kwa hiyo kila belo likifunguliwa napita, mpaka leo bado sijalipata.