TAHADHARI: Pikapu "iliyolala tu, inataka betri" – soma kabla hujatoa hela

Ndugu zangu mnaotafuta pikapu ya kazi, kuna muuzaji ana gari lililolala miaka, anawaonyesha watu likiwaka na kunguruma vizuri, anapokea malipo ya awali, kisha simu yake haipatikani tena. Shemeji yangu ameshalizwa. Naandika kwa sababu picha za gari lile lile zimerudi kwa jina jingine na namba nyingine ya simu, na mtu wa pili akiingia pale itaniuma kama aliyelizwa ni wa kwetu.

Maneno anayotumia ni haya: mwenye gari alisafiri, gari likabaki uani, halina ugonjwa wowote, linataka betri tu. Bei ameishusha kidogo chini ya soko, haishuki sana mpaka ushtuke. Halafu kuna mteja mwingine anakuja jioni, kwa hiyo ukilitaka acha chochote ushikiwe. Shemeji alipigiwa stata mara moja, likawaka, akaacha hela nyingi kuliko alivyopanga. Mimi niliitwa siku ya kwenda kulichukua, na muuzaji siku hiyo hakuwepo, alimwacha kijana wa kukabidhi funguo.

Nilifungua boneti nikafuata mpira wa mafuta kwa mkono, kuanzia kwenye pampu kurudi nyuma. Haukwenda tankini. Ulikuwa umechomolewa kwenye bomba la chuma, ukaunganishwa na mpira mwingine mwembamba uliofungwa kwa waya, ukaishia kwenye kidumu kidogo kilichosukumwa nyuma ya betri na kufunikwa tambara la oili. Ndani ya kidumu mlikuwa na dizeli safi kabisa. Lile bomba linalotoka tankini lilikuwa limezibwa kwa kijiti. Nilipofungua kifuniko cha tanki ilinipiga harufu kali iliyochacha, na nilipochota kidogo kutoka chini kwa mpira yalitoka maji, na baada yake utelezi mweusi kama kamasi.

Dizeli ikikaa muda mrefu, unyevu wa hewa iliyomo tankini hugeuka maji yakatuama chini. Pale maji yanapokutana na dizeli huota bakteria na kuvu, na huo utelezi ndio wao. Ukiruhusu uchafu ule upite, filta inaziba, na maji yakifika kwenye pampu na nozeli (zinazopuliza mafuta ndani ya injini) yanaleta kutu ndani ya vyuma vilivyochongwa kwa vipimo vya kubana mno. Huko ndiko hela nyingi zinakokwenda kwenye injini ya dizeli. Kwa hiyo kile kidumu kilikuwa kinaficha hasara kubwa kuliko zote kwenye gari lile. Likishakuwa lako, ukirudisha mpira mahali pake ili uendeshe, ndipo linapokufa. Ya petroli nayo hufanyiwa hivyo hivyo. Petroli huharibika upesi zaidi, miezi michache tu inatosha, ule wepesi wake unatoka na kubaki masalia yanayonata na kuziba kabureta au nozeli.

Karibu na kidumu nilikuta kopo la ile dawa ya kupuliza ya kuwashia injini, yenye etha. Mtu akipuliza ile kwenye njia ya hewa, hata injini iliyochoka ringi, isiyobana hewa vizuri, inaweza kushika moto na kunguruma kwa muda. Mnunuzi anasikia mlio, anaridhika. Kwenye dizeli yenye plagi za kupasha joto ni hatari kabisa, kwa sababu etha huwaka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo unaweza kuvunja ringi au kupasua pistoni. Ukiona kopo hilo popote kwenye gari unalouziwa, jua injini imekuwa ikilazimishwa.

Jambo jingine: shemeji anasema alipofika mara ya kwanza injini ilikuwa ya moto tayari. Gari la kulala halina sababu ya kuwa na joto asubuhi. Shika rejeta, shika injini, kabla hujasalimiana vizuri na mwenyeji. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi ikipoa na iwashwe mbele yako. Anayeuza kwa haki hatakosa nafasi ya kukuwashia tena.

Gari la kulala kuamshwa si kosa, mimi nayapenda magari hayo na mengi huwa mazima. Ila kazi yake ina utaratibu, na aliyeifanya kweli ana la kukuonyesha. Fundi makini haanzi na stata. Anatoa plagi, au nozeli kama ni dizeli, anadondosha oili kidogo kwenye kila silinda na kuiacha iingie kwenye ringi, kisha anaizungusha kranki (mhimili mkuu wa injini) kwa spana, kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili mizima. Ikikwama anasimama hapo hapo atafute sababu, maana stata ina nguvu ya kuvunja kitu ambacho mkono ungekihisi. Baada ya hapo anamwaga oili ya zamani, anaosha tanki, anabadilisha filta, anakagua mkanda wa taimingi, unaounganisha mzunguko wa kranki na valvu, kama injini inautumia, kwa sababu mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama, na kwenye injini nyingi ukikatika valvu zinagonga pistoni. Anafungua pia kasha la filta ya hewa, panya hupenda kujenga humo, na wakimaliza wanahamia kwenye waya. Kwa hiyo muulize muuzaji: filta za zamani ziko wapi? Oili ilimwagwa lini, na fundi gani? Yule wetu hakuwa na jibu la hata moja.

Breki ndizo zilizonikasirisha zaidi, kwa sababu hapo mtu anakufa. Gari lilisogezwa mbele na nyuma pale uani tu, shemeji hakuruhusiwa kulitoa barabarani, eti bima imeisha. Nilipokanyaga pedali ilizama mpaka chini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 3 mpya, aina moja ya mafuta hayo, ni nyuzi 205 za Selsiasi, na yakishashika maji ni 140, kwa hiyo kwenye mteremko mrefu na mzigo juu yanaweza kuchemka na pedali ikazama bila breki kushika. Gari lililokaa miaka bila kubadilishiwa mafuta hayo na kukaguliwa silinda za magurudumu halipaswi kwenda hata dukani.

Matairi yalipakwa ile dawa ya kung'arisha. Usitazame kashata (meno ya tairi), tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni kwenye maandishi ya DOT: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Chasisi nayo ilikuwa na rangi mpya nyeusi. Nilipoigonga kwa bisibisi karibu na springi za nyuma ilitoa sauti ya kopo, na vipande vya kutu vikaanguka pamoja na rangi. Linganisha pia namba ya chasisi na kadi ya gari, na uhakikishe anayepokea hela ndiye mwenye jina kwenye kadi.

Na wewe mwenye gari lako limelala nyumbani, jihadhari na fundi anayepita akisema atakuamshia. Wapo wanaofungua pampu nzima "wakaipime" na kukurudishia nyingine iliyokufa. Piga picha namba za pampu, stata na alternata, tia alama ya rangi, na kazi ifanyike ukiwepo.

Ukishampa mtu huyu hela, usifute ujumbe wala risiti ya kutuma. Shemeji amepeleka vyote polisi pamoja na picha za kidumu.

Kama unaongea naye sasa hivi, mwombe video moja isiyokatwa: mkono ukigusa injini ya baridi, kamera ifuate mpira wa mafuta kutoka kwenye pampu mpaka tankini, halafu apige stata. Kuna ndugu mmoja nilimwambia aombe hivyo, na hajajibiwa mpaka leo.