Miezi Saba na Mamachari: Mwenge Hadi Posta

Wadau, habari zenu. Karibuni tena uani kwangu. Leo hakuna muziki wa kufungulia, jirani kalaza mtoto, kwa hiyo nitaongea kidogokidogo. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Mnaiona vizuri?

Hii ndiyo ile baiskeli ya mtumba ya Kijapani niliyowaonyesha mwezi wa 6, siku naileta nyumbani ikiwa bado na vumbi la kontena. Mkaniandikia weee. "Kaka, hiyo ya kina mama." "Kaka, ungeongeza hela kidogo upate maunteni yenye shokapu." Maunteni ni zile baiskeli za milimani. Sawa, nimewasikia. Tangu siku ile nimeipanda hapa Dar, Mwenge mpaka Posta na kurudi, siku tano kwa wiki, ukitoa siku za mvua kubwa na wiki moja niliyolala na malaria. Ni kama kilomita 10 kwenda, dakika 40 nikienda kistaarabu. Kwa hiyo leo siongei kama mtu aliyetoka dukani jana.

Tuanze na jina, maana mmeniuliza sana. Wajapani wanaiita mamachari. "Mama" kwao ni mama vilevile, na "chari" ni neno lao la mtaani la baiskeli. Baiskeli ya mama anayekwenda sokoni, mtoto nyuma, mboga mbele. Ndiyo maana fremu imeshuka hapa katikati, unapitisha mguu bila kuurusha. Aliyeniambia ya kina mama hajakosea. Ila mimi naenda kazini na suruali ya kitambaa, na nikisimama kwenye foleni ya pale taa za Morocco, njiani kwangu, nikiwa na begi mgongoni, kushuka na kupanda ni raha tupu. Muulize mwenye Phoenix, zile baiskeli kubwa za Kichina, lile bomba la juu linavyomfanya aruke kama anapanda punda.

Sogea hapa kidogo. Mnaona hii stika ya njano yenye maandishi ya Kijapani na namba? Aliyeniuzia alinihakikishia ni alama ya ubora, na nadhani kwa stika hiyo nilimwongeza elfu kumi. Ni usajili wa kuzuia wizi. Kule sheria inamtaka kila mwenye baiskeli aisajili, tangu 1994, ili polisi wakiikuta imetupwa wajue ni ya nani. Sijaibandua. Nimeizoea.

Haya, twende kwenye kitu kilichonifanya niichague hii na kuiacha maunteni mpya ya gia 21. Tazama gurudumu la nyuma. Sproketi moja tu, hili duara la meno linaloshika cheni, na cheni imenyooka, hakuna kile kidude kinachoning'inia chini kikigonga kila jiwe. Mtu akiitazama atasema haina gia. Zimo ndani ya habu, hiki kitovu cha gurudumu. Hii ni Shimano Nexus ya gia tatu. Ndani mle kuna vimeno vinavyozungukana, na vumbi la ujenzi wa barabara haviwezi kulionja. Gia ya 2 ni moja kwa moja: sproketi ikizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Ukiweka 1, gurudumu linazunguka kama robo tatu tu, miguu inapata nafuu. Ukiweka 3 linazunguka mara moja na zaidi ya theluthi, hapo ndipo unapowaaga wenye bajaji kwenye foleni.

Tatu zinatosha? Kwa Dar, zinatosha. Mlima wangu mkubwa ni kutoka daraja la Salenda kupandisha kuelekea Kanisa la Mtakatifu Petro, na huo nao ukiuita mlima watu wa Lushoto watakucheka. Gia ya 1, nakaa kitini, naendelea kutafuna karanga. Kinachosumbua mjini hapa ni upepo. Na hili hakuna anayewaambia. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10 ni kusi, na jioni kusi linanisukuma mgongoni mpaka Mwenge, najiona bingwa. Sasa hivi ni kaskazi. Jioni natoka Posta nimechoka, nafika pale darajani upepo unanipiga usoni, nashuka gia ya 1 kwenye lami tambarare kabisa. Ukikutana nami pale saa 12 jioni usinipigie kengele, nakuomba.

Na uzuri mwingine: gia za ndani unabadilisha ukiwa umesimama. Umefika kwenye taa ukiwa kwenye 3, zimekusimamisha ghafla, unazungusha kishikio mpaka 1, zikiwaka kijani unaondoka. Kwenye maunteni mpaka uzungushe pedali kwanza, na kama hukuwahi, unaondoka umesimama unakanyaga kama unapondaponda matope.

Ila ilinitesa wiki ya kwanza. Gia ya 3 ilikuwa inateleza, nakanyaga mguu unatumbukia patupu, goti likagonga usukani. Fundi wa kwanza akaniambia habu imekufa, tutoe tuweke ya kawaida. Nikamshukuru nikaondoka. Nikuonyeshe dawa yake, haihitaji hata spana kubwa. Weka gia ya 2. Njoo hapa upande wa kulia wa ekseli, kuna hiki kijikopo cha plastiki ambamo waya wa gia unaingia. Kina kidirisha. Ndani ya kidirisha kuna mstari wa njano, na unatakiwa ukae sawa na alama. Wangu ulikuwa umehama, waya umelegea. Unazungusha hii nati ya waya, taratiiibu, mpaka mstari ukae. Basi. Dakika mbili. Habu iliyokuwa "imekufa" bado inanipeleka kazini.

Kwa hiyo ukienda kununua, kabla hujauliza bei chuchumaa uangalie kama hicho kijikopo kipo. Kwenye kontena baiskeli zinabanwa kama dagaa, vikopo vinavunjika, vinapotea. Bila kikopo hicho na kijiti chake kinachoingia ndani ya ekseli unakuwa na baiskeli ya gia moja yenye uzito wa gia tatu. Muuzaji atakuambia kinapatikana. Mwambie akitafute yeye.

Sasa matairi. Hapa nililia. Nakuja karibu na kamera ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Baiskeli hii ni ya 26, yaani inchi za gurudumu. Mwezi wa 8 tairi la nyuma likaanza kuonyesha nyuzi. Nikaenda dukani, sitaji duka gani, nikasema nipe tairi la 26. Nikapewa, zuri, lina meno, nikalipa. Nikampelekea fundi wangu pale Mwenge, mzee mtaratibu kweli. Akavuta, akapaka maji ya sabuni, akaingiza bisibisi, akaita kijana amsaidie. Tairi halikupanda. Mwisho waya wa pembeni ukachanika, nikarudi dukani, nikaambiwa bidhaa ikishachanika hairudishwi. Elfu ishirini na mbili zimekwenda.

Mzee akanionyesha kilichotokea. Soma pembeni ya tairi. Langu la zamani, hili hapa, linasema 26 x 1 3/8, na chini yake kwa maandishi madogo 37-590. Lile jipya lilisema 26 x 1.95, na ukilitafuta vizuri utaona 559. Hiyo namba ya milimita ndiyo kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Yote mawili yanaitwa 26, lakini moja ni dogo kwa milimita 31. Lile lenye nukta, 1.95, ni la maunteni; hili lenye sehemu, 1 3/8, ni la mamachari. Ungeweza kuita mafundi wote wa Kariakoo, lisingepanda. Na mwenye Phoenix usijidai uko salama: yako ya 28 x 1 1/2 ni 635, jirani yako akikuletea 28 nyingine ya baiskeli za mashindano, nayo ni hadithi nyingine. Usiende dukani na "26". Nenda na 590. Andika hata mkononi. Nilihangaika siku tatu kuyapata, na nilipoyapata nikanunua mawili pamoja na tyubu zake, elfu 48.

Pancha ya nyuma nayo ina mambo yake. Kulitoa gurudumu hili ni kazi ya nusu saa: nati za namba 15 pande zote mbili, waya wa gia, mkono wa breki, stendi, keria. Ndiyo maana mzee halitoi. Anailaza baiskeli, anachomoa tairi upande mmoja, anavuta tyubu pale penye tundu, anasugua, anapaka solusheni, anapuliza, kiraka, anarudisha. Ukimwona fundi wako anaanza kufungua nati kwa ajili ya pancha ndogo, mwulize kwa adabu.

Keria. Hii niliyoikuta nayo ilikuwa ya kijibomba chembamba, ya kubeba mfuko wa mboga. Nikaenda Gerezani kwa wachomeleaji, nikachora kwenye karatasi ya sigara, nikasema nataka ipokee mtungi wa gesi wa kilo 6 bila kuyumba. Elfu 35. Angalia hapa alivyofanya: amezungusha duara la chuma juu, mtungi unakaa ndani yake kama yai, kisha mpira wa tyubu ya zamani unakaza juu. Miguu ya keria ameishusha mpaka kwenye ekseli, hakuining'iniza kwenye bomba la siti. Hiyo ndiyo tofauti. Rangi kapaka vibaya, michirizi hii hapa, lakini mimi sikununua rangi.

Taa. Kuna dinamo ndani ya habu ya mbele, si ile ya kusugua tairi inayolia na kukuvuta nyuma. Unakwenda, giza likiingia taa inawaka yenyewe, ina jicho la kuhisi mwanga. Betri hakuna, chaji hakuna. Ina walakini mmoja: ukisimama, inazimika. Kwa hiyo pale taa za Morocco saa 1 usiku, umesimama katikati ya malori, ndipo wewe huna taa. Nimeongeza kataa kadogo kekundu nyuma, ka kuchaji, na ninavaa kizibao cha kung'aa. Msicheke kizibao. Nacheka mimi nikiwaona mnapita na fulana nyeusi.

Breki ya nyuma nzuri, imefungwa ndani, mvua haiigusi, na hailii kama zile za mkanda ambazo mtaa mzima unajua umefika. Ya mbele sijaipenda. Ni ya kubana rimu, na rimu hii ni ya chuma, ikilowa unabana halafu unasubiri. Mvua za vuli pale Victoria kuna mwendesha bajaji nusura nimwingie kwenye siti ya abiria. Nilibadilisha mipira ya breki, ikawa afadhali kidogo, si sana. Siku za mvua naanza kufunga mapema na breki ya nyuma.

Uzito. Niliipima kwenye mzani wa duka la nafaka kwa jirani: kilo 21, pamoja na keria ya Gerezani. Kama unakaa ghorofa ya nne bila lifti, baiskeli hii si yako, na nitakuwa muongo nikisema vinginevyo. Vilevile kama wewe ni mrefu. Mimi nina mita 1.78 na bomba la siti la asili lilikuwa fupi, magoti yananifika kifuani kama panzi. Nilitafuta bomba refu, likapatikana kwenye chuma chakavu kwa elfu 5.

Kufuli hili la duara nyuma ni zuri kwa kuingia dukani kununua vocha: bonyeza, klak, unachomoa ufunguo. Lakini linafunga gurudumu tu, halifungi baiskeli kwenye nguzo. Mtu akiamua anaibeba begani. Nimeongeza mnyororo.

Hesabu yote basi, maana najua ndiyo mnayoingojea. Baiskeli 220,000. Matairi na tyubu 48,000. Keria 35,000. Bomba la siti 5,000. Grisi, mipira ya breki na mkono wa fundi, 14,000. Jumla 322,000, na hapo sijaweka ile elfu 22 ya tairi la 559, hiyo nimeiandika kwenye daftari la msiba. Wekeni nauli zenu za kwenda na kurudi pembeni muone zinajilipa lini. 

Dada mmoja wa Tabata aliniuliza kama aichukue kwa kupita Barabara ya Mandela. Dada yangu, baiskeli haina tatizo, njia ndiyo inayo. Malori ya bandari pale hayakuoni. Kama kuna ya kuzungukia mitaani, hata ikiongeza kilomita mbili, pita huko. Na yule kaka wa Tanga anayejenga Phoenix yake upya kwa habu ya gia tatu: hesabu matundu ya spoku kabla hujalipa, ya habu na ya rimu lazima yalingane, halafu nitumie picha, hiyo naitaka kuiona.

Maunteni za gia 21 zenye shokapu mbili nitazipanda mwezi ujao, nimeazimwa moja, nitaipa wiki nne kwenye njia hiihii. Sasa naomba mniwie radhi nizime. Gesi imeisha tangu mchana, mtungi ule pale mlangoni, na mke wangu amenipitia nyuma ya kamera mara mbili sasa.