Haba Haba ya NSSF: akiba ya uzeeni inayohitaji nyumba iliyokubaliana

Haba Haba, mpango wa hiari wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii nchini Kenya, kwa wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi, humwezesha mchuuzi wa Marikiti au dereva wa tuktuk asiye na mwajiri kujiwekea akiba ya uzeeni kwa kiwango cha chini cha shilingi 25 kwa siku, akilipa kwa M-Pesa. Ninaupendekeza, ingawa si kwa sababu ya wepesi huo wa kulipa. Ubora wake hasa ni kwamba pesa zikishaingia hazitoki ovyo: mwanachama huchangia miaka 5 ndipo aruhusiwe kuchukua nusu ya michango yake, na inayobaki humngojea uzeeni.

Kizuizi hicho kina thamani kubwa hapa Mombasa, ambako pesa iliyo karibu na mkono ina wenyewe wengi. Januari ni karo, Ramadhani ikiisha ni nguo za Idi, katikati kuna harusi na matanga, na anayekataa kuchanga huitwa bahili hata kama hana ziada. Chama, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, kinasaidia, lakini zamu ya mtu ikifika pesa huliwa mwaka huohuo.

Upungufu wa mpango ni kwamba hakuna mwajiri wa kumkata mtu mshahara, hivyo kila kitu hutegemea nidhamu yake na msimamo wa watu wa nyumbani kwake. Mama mmoja anayeuza mboga Kongowea hutuma shilingi 175 kila Ijumaa jioni kabla ya kupanda matatu, na mumewe huziandika katika daftari lilelile la kodi ya nyumba. Kwao ni gharama kama gharama nyingine, wala hawasubiri kuona kitakachobaki. Nyumba zinazoamini kuwa watoto ndio pensheni huchelewa sana kuanza, na mzigo wote humwangukia kijana ambaye naye analea.

Lipo pia suala la riba, iliyoharamishwa katika Uislamu, ambalo wazee wengi huliuliza kwa haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za NSSF huwekezwa katika hati za dhamana za Serikali, ambazo hulipa riba. Ni vyema mume na mke walimalize kabla ya kujiunga, maana shaka ya mmoja hukatiza michango ya wote wawili.

Shilingi 25 kwa siku ni shilingi 9,125 kwa mwaka, kiasi kisichotosha kumtunza mzee, kwa hiyo anayeuza vizuri msimu wa watalii wa Desemba aongeze mchango papo hapo, kabla pesa hizo hazijapangiwa matumizi mengine nyumbani.